Mwizi Aliyekamatwa Jana Ameonekana Leo Mtaani: Somo Kuhusu Safari ya Jalada



Katika mikutano ya mitaa ya mji wetu liko lalamiko ambalo halikosi kusikika. Ajenda ya ulinzi na usalama inapofikiwa, husimama mama mmoja au kijana mmoja akaeleza kwamba mwizi aliyekamatwa juzi na vijana wa ulinzi shirikishi, akapelekwa kituoni watu wote wakishuhudia, leo asubuhi amepita mbele ya genge lake akiwa huru, tena ametoa salamu. Mkutano hunguruma. Mwenyekiti hujibu kwamba suala limepokelewa. Na wapo wanaoondoka pale wakiwa wamekwisha kata shauri moyoni: safari ijayo mwizi hatapelekwa kituoni.

Shauri hilo la moyoni ndilo lililotusukuma kuandaa somo hili. Mji ambao wakazi wake wameacha kwenda kituoni hupata hasara mbili kwa pamoja. Uhalifu wake hauandikwi popote, hivyo hakuna anayeweza kuupangia doria wala bajeti; na watu huuawa barabarani, baadhi yao wakiwa hawakuiba chochote.

Tuanze na neno lenyewe, "ameachiwa". Katika mazungumzo yetu ni neno moja, lakini katika sheria hubeba mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni dhamana. Mtu aliyekamatwa bado ni mtuhumiwa, na Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitika. Kwa sababu hiyo, kwa makosa mengi anaweza kupewa dhamana, polisi au mahakamani, akarudi nyumbani kwake huku shauri likiendelea. Makosa kama mauaji, uhaini na wizi wa kutumia silaha hayana dhamana. Wizi wa simu au wa kuku unayo. Aliyedhaminiwa hajashinda kesi. Anatakiwa kuripoti kwa tarehe alizopangiwa, na mdhamini wake anawajibika asipoonekana.

La pili ni kuachiwa kwa sababu jalada halina kitu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haiwaruhusu polisi kumweka mtu mahabusu kwa muda wanaoutaka. Inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, au apewe dhamana. Muda huo ukipita, naye mlalamikaji hajaonekana kuandikisha maelezo, mkuu wa kituo hubaki na mtu mkononi na karatasi tupu mezani. La tatu ni kuachiwa huru na hakimu baada ya ushahidi kusikilizwa na kuonekana hautoshi kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka.

Iko na aina ya nne, ambayo haimo katika sheria yoyote: kuachiwa kwa sababu ya fedha. Hatutaificha, maana wasomaji wetu wanaishi katika mji huu nasi. Anayeombwa fedha kituoni, iwe ya dhamana au ya kufunguliwa jalada, ana haki ya kuripoti TAKUKURU kwa namba 113, ambayo hailipiwi. Dhamana ya polisi haiuzwi. Hata hivyo, kwa jinsi mwandishi wa makala haya alivyoona katika miaka ya kuhudhuria vikao vya kata na, mara chache, viambaza vya mahakama ya mwanzo, aina ya pili na ya tatu ndizo zinazowarudisha wengi mtaani, na hizo mbili zina mlango ambao funguo yake iko mikononi mwetu wakazi.

Chukua mfano wa mshonaji mmoja wa jirani, ambaye kibanda chake kilivunjwa usiku, cherehani ikachukuliwa pamoja na vitenge vya wateja. Siku ya tatu cherehani ilionekana kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika. Kijana aliyempelekea alikamatwa. Mtaa mzima ulijua kwamba ni yeye. Kituoni, mpelelezi alimwuliza mama huyo swali moja tu: unaitambuaje kuwa ni yako? Akajibu kwamba ameishonea kwa miaka sita na anaijua. Cherehani za aina ile ni maelfu. Alikuwa ameinunua mkononi mwa mtu, bila stakabadhi. Namba iliyopigwa kwenye chuma hakupata kuiandika. Alama aliyokuwa nayo ni mkwaruzo kwenye meza, nayo meza haikupatikana. Kijana akasema ameinunua, akaja na ndugu yake akasema alikuwapo. Jambo ambalo mtaa mzima unalijua na jambo linaloweza kuthibitishwa ni vitu viwili mbalimbali, na mahakama hushughulika na hilo la pili.

Mahakama zetu zina kanuni muhimu kuhusu mali ya wizi: mtu akikutwa na kitu kilichoibwa muda mfupi uliopita, na asitoe maelezo ya kuridhisha, mahakama inaweza kumchukulia kuwa ndiye mwizi au kwamba alikipokea akijua kimeibwa. Ni kanuni yenye nguvu kubwa. Lakini inasimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba mlalamikaji athibitishe bila kuyumba kwamba kitu hicho ni chake. Rangi na aina havitoshi. Inatakiwa namba, stakabadhi, au alama ya pekee ambayo mlalamikaji anaieleza kabla ya kuonyeshwa kitu chenyewe, si baada ya kukitazama mezani kwa mpelelezi.

Kwa hiyo, ndugu mkazi, kazi ya kwanza ya kupambana na wizi hufanyika siku ambayo hakuna aliyeibiwa. Simu yako ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# itatokea. Iandike. Pikipiki ina namba ya chesesi na ya injini. Televisheni, jokofu, jenereta na pampu ya maji vina namba nyuma au chini. Ukinunua kitu mkononi mwa mtu, andikiana naye hata kwenye karatasi ya daftari, majina kamili na tarehe, mbele ya mjumbe au jirani. Kitu kisicho na namba, kikwangue jina au herufi mahali pasipoonekana upesi. Karatasi ya kumbukumbu hizo isikae ndani ya droo ya kabati ambalo mwizi atalibeba. Mpe nakala ndugu anayeishi kwingine.

Tuje kwenye utambuzi wa mtu, ambapo mashauri mengi ya usiku huanguka. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliweka mwongozo unaofuatwa hadi leo. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na hauaminiki kirahisi, na kwamba hakimu hapaswi kuutegemea mpaka aondoe uwezekano wote wa kukosea. Ndipo yakatajwa mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, walikuwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku kulikuwa na mwanga wa namna gani, na je, alimfahamu kabla ya siku hiyo.

Shahidi anayesema mahakamani "nilimtambua, kulikuwa na taa" hajasema kitu cha kutosha. Taa gani? Ilikuwa wapi? Kati yako na yeye palikuwa na hatua ngapi? Alikuwa amekuelekea au amekupa mgongo? Wakili wa utetezi atayauliza yote haya, naye anatimiza kazi yake. Ukiyaeleza siku ya kwanza kituoni, yakaandikwa, miezi minane baadaye hutababaika. Pia, kama unamjua mhalifu kwa jina, litaje kwa mtu wa kwanza unayekutana naye na kwa askari wa kwanza anayekuandika. Mahakama ya Rufani imesisitiza, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema hujipa uaminifu, na anayechelewa au kunyamaza bila sababu huzua shaka. Wengi wetu hunyamaza kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na anayehofia usalama wake aieleze hofu hiyo kwa mpelelezi au kwa wakili wa serikali mapema, isisubiri kesi ifike kwa hakimu.

Huenda msomaji akafikiri kwamba tunawatupia raia mzigo wa polisi. Swali hilo liliwahi kuchunguzwa kwa makini huko Marekani, katika nchi ambayo polisi wana magari na vifaa vingi kuliko sisi. Katika jiji la Kansas City, kati ya mwaka 1972 na 1973, maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja liliondolewa doria ya kawaida ya magari, polisi wakawa wanaingia wakiitwa tu. Kundi la pili likaachwa kama lilivyokuwa. La tatu likaongezewa magari mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana, si katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Gari linalozunguka bila kujua linatafuta nini, halikumzuia mhalifu.

Mwaka 1975 taasisi ya RAND ilitoa uchunguzi wake kuhusu kazi za wapelelezi. Ilionekana kwamba jambo kubwa linaloamua kama kosa litagunduliwa si ustadi wa mpelelezi baadaye, bali taarifa ambazo aliyetendewa na mashahidi wanampa askari wa kwanza anayefika. Miaka miwili baadaye, uchunguzi mwingine wa Kansas City kuhusu muda wa polisi kufika kwenye tukio ulibaini kwamba sehemu kubwa ya muda hupotea kabla simu haijapigwa: watu huwaita kwanza ndugu, huzungumza na jirani, hujiuliza wafanye nini. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Tukiibiwa saa nane usiku tunampigia shemeji.

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mkaguzi wa Polisi wa Kata naye ana namba yake. Iulize ofisi ya mtendaji wa kata uiweke kwenye simu. Wakati unasubiri, usimruhusu mtu kuingia mahali palipovunjwa. Huu ni udhaifu wetu mkubwa. Mtu akivunjiwa, majirani thelathini huingia kumpa pole, wanashika kufuli lililokatwa, wanapokezana nondo iliyoachwa, na watoto wanapita dirisha lilelile kuonyesha jinsi mwizi alivyopita. Polisi anapofika hakuna alama ya mtu mmoja iliyobaki. Kielelezo kinachokusudiwa kufika mahakamani lazima ijulikane nani alikiokota, nani alikipokea na kilihifadhiwa wapi. Kikipita mikono sita isiyoandikwa, wakili ataomba kikataliwe.

Kwa aliyejeruhiwa, fomu namba tatu ya polisi, yaani PF3, ndiyo inayobeba maoni ya daktari kuhusu majeraha. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa, awahi kituo cha afya, na ahudumiwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto ambako anaweza kuzungumza faraghani.

Kituoni, ukifungua taarifa, utapewa namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita RB. Usiondoke bila hiyo. Uliza jina la mpelelezi aliyepangiwa jalada lako. Maelezo yako yakiisha kuandikwa, yasome kabla ya kutia sahihi, na kama husomi vizuri omba usomewe. Palipokosewa pasahihishwe hapohapo. Mahakamani utapimwa kwa maelezo hayo, na tofauti kati ya ulichoandikisha na unachosema kizimbani ndiyo silaha ya upande wa pili. Polisi wakija kupekua nyumba ya mtuhumiwa mtaani, wanahitaji shahidi huru atakayetia sahihi kwenye hati ya vitu vilivyochukuliwa. Mara nyingi huitwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Wapo viongozi wanaojificha wakisikia wito huo. Sahihi isiyokuwapo imewahi kuangusha mashauri makubwa kuliko wizi wa cherehani.

Nasi tuna madai yetu kwa upande wa polisi, na somo hili lisingekuwa la haki kama yasingetajwa. Mlalamikaji anayeambiwa "njoo kesho" mara nne haji mara ya tano. Jeshi la Polisi lilipoanzisha mpango wa polisi jamii mwaka 2006, wazo lilikuwa kwamba raia na askari wafahamiane, na kuwekwa kwa wakaguzi katika kata kumeendeleza wazo hilo. Lakini kufahamiana hakumaanishi kupiga picha pamoja siku ya kukabidhiana tochi na filimbi. Kunamaanisha mama aliyeibiwa aambiwe jalada lake limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba halijasogea. Usipopata jibu kwa mpelelezi, mwone mkuu wa kituo. Ukikwama, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya ukiwa na namba ya RB mkononi. Nenda kwa adabu, lakini nenda.

Vijana wa ulinzi shirikishi nao wana mipaka yao. Wanaoukumbuka mwanzo wa sungusungu, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanajua ulivyosaidia dhidi ya wizi wa ng'ombe, na wanajua pia ulivyozaa vipigo na vifo mpaka serikali ikalazimika kuuweka ndani ya sheria mwaka 1989. Raia anayo mamlaka ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kisha anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kumpiga. Anayepigwa mpaka akiri, kukiri kwake hakuna thamani mahakamani. Na akifa, jalada la wizi wa simu hugeuka kuwa jalada la mauaji, ambalo wote walioshiriki kwa nia moja wanaweza kuunganishwa, pamoja na yule aliyeleta tairi na yule aliyepiga kelele ya mwizi. Tena aliyekufa hataji alikokuwa akiuza mali. Mnunuzi wa vitu vya wizi hulala salama usiku ule, na kesho yake anapata kijana mwingine.

Kuhusu mahali, jambo moja. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya simu zote zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis kwa mwaka mmoja. Asilimia 3 tu ya anwani za jiji ndizo zilizozaa takriban nusu ya simu hizo. Kwetu hapa hatuhitaji kompyuta. Kila mkazi wa mtaa anaijua kona ile, kichochoro kile kando ya ukuta wa shule, daraja lile la miguu, na saa ambayo hupaswi kupita. Yaandikeni katika muhtasari wa mkutano wa mtaa, mahali na saa, na muhtasari huo upelekwe kwa Mkaguzi wa Kata na kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Sentensi inayosema "hali ya usalama hairidhishi" haimsaidii mpanga doria. Sentensi inayosema kwamba wanawake wanaotoka sokoni hunyang'anywa mikoba kwenye kivuko cha mfereji, kati ya saa moja na saa tatu usiku, siku za gulio, inaweza kupangiwa askari wawili, na inaweza kuombewa taa. Taa hiyo, kama tulivyoona, itamsaidia pia shahidi kueleza alimwonaje mtu.

Mwandishi ana deni moja la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutoa ushahidi katika shauri la kuvunja duka la jirani. Nilikwenda mara ya kwanza, shauri likaahirishwa. Nikaenda mara ya pili, hakimu alikuwa na dharura. Mara ya tatu nilikuwa na shughuli, nikajiambia kwamba wapo wengine. Wale wengine nao, kumbe, walijiambia hivyohivyo. Shtaka liliondolewa. Wiki iliyofuata nilikutana na mshtakiwa kituo cha daladala, na jirani yangu mwenye duka alikuwa wa kwanza kuniambia: "Umeona? Polisi wamemwachia." Sikumjibu.

Jirani huyo sasa hivi ana daftari. Ameorodhesha friji mbili, mizani, redio na mashine ya kukoboa, kila kimoja na namba yake, na nakala iko kwa dada yake mtaa wa pili. Mshonaji naye amepata cherehani nyingine. Ameinunua dukani safari hii, na stakabadhi amempa mjumbe wake aitunze. Ofisi ya mtendaji wa kata inapokea orodha za namna hiyo kwa anayetaka kuacha nakala, siku za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi. Huduma hiyo haina malipo.